Mkono wa Bienfait

Ganshoren, Brussels
Tarehe 9 Novemba

Kwa mpendwa Yaya Kahambu, Mama Bienfait,

Mdogo wako nakusalimu, dada yangu mkubwa, kwa heshima zote. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana goti lako halipendi habari za kusomwa wima. Je, linaendeleaje? Bado unapanda kilima cha parokia kwa miguu kila Jumapili kana kwamba Mungu hasikii watu wa bondeni? Na wale wageni waliokimbia vita, bado wanalala sebuleni kwako? Wasalimie. Waambie kuna mtu huku anawakumbuka, ingawa kukumbuka hakujazi sufuria. Maharage yameitikaje msimu huu? Butembo inalala salama?

Sisi huku tuko. Mtaa wetu ni uleule wa kimya, jirani akikohoa mara mbili watu wanafunga madirisha. Mimi bado nafundisha historia, bado nawaandikia wahariri barua ambazo hawazichapishi, na bado nagombana na padri wetu kuhusu mahubiri yake. Juzi aliniambia kwamba siku ya hukumu mimi nitaomba nafasi ya kujibu. Watu walicheka, na mimi pia nilicheka.

Barua hii inakujia kwa mkono wa Maman Émérance, jirani yetu hapa. Anaruka Jumatano hadi Entebbe, kisha atashika basi la Kasindi, mpakani. Nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote bahasha hii, hata akikukosa mara tatu. Utajiuliza kwa nini naandika wakati tunaongea kwenye simu kila Jumapili. Ni kwa sababu kwenye simu mimi hushinda, Yaya, na unalijua hilo. Tangu nilipokuwa na miaka kumi, katekista aliponifukuza kwa kumuuliza Kaini alimwoa nani, sijawahi kuingia katika mazungumzo bila kutaka kuyashinda. Jambo ninalotaka kukuambia si la kushindaniwa na mtu yeyote. Kwenye karatasi unaweza kunisimamisha, ukarudi nyuma, ukasoma tena mstari ambao mimi ningeupita mbio.

Bienfait alikuambia mwezi wa tano kwamba aliteleza kwenye ngazi za metro zilizolowa mvua, akavunja mkono. Hakuteleza. Alikudanganya ili kunikinga mimi.

Nianzie mbali kidogo. Unakumbuka ulivyokuwa ukimchapa kwa sababu ya maparachichi ya parokia. Jiwe moja, parachichi moja, na lazima liwe lile aliloambiwa na wenzake, si lililo jirani nalo. Nilipomleta hapa akiwa na miaka kumi na mitatu, miezi mitatu baada ya kumzika shemeji, alikuwa hasemi. Shuleni walidhani hajui Kifaransa. Kisha theluji ikaanguka. Watoto wakarushiana, naye akatengeneza tonge moja, akalirusha kutoka ukuta mmoja wa uwanja hadi mwingine, likapita katikati ya pete ya mpira wa kikapu. Akatengeneza la pili, likapita palepale. Mwalimu wa mazoezi alitoka nje na kikombe chake cha kahawa, akamwomba arudie. Hivyo ndivyo mwanao alivyoingia kwenye besiboli, mchezo ambao huku kwenyewe watu hawaujui. Timu yao inaitwa Hérons, jina la yule ndege wa miguu mirefu.

Wewe hujauona mchezo huu, kwa hiyo nisikilize. Mmoja anarusha mpira mdogo, mgumu, unaoenea kiganjani. Mwingine, wa timu pinzani, amesimama mbele yake na gongo, anajaribu kuupiga. Timu nzima inamngoja yule anayerusha. Wanamwita mrushaji, na akiwa mzuri wenzake, tisini kwa mia ya muda, wanasimama tu kama watu wanaongoja basi. Bienfait alikuwa mzuri. Nilikwenda kumwona akiwa na miaka kumi na tisa, nikiwa na gazeti langu, nikidhani nitasoma. Sikusoma hata kichwa cha habari. Wazungu mia moja na hamsini, wazee kwa watoto, walikuwa wanalitaja jina ulilompa wewe. Walikuwa wanalitamka vizuri.

Nataka uelewe jambo hilo kabla hujanihukumu, ingawa halinitetei. Miaka ishirini na minne niko nchi hii. Nimewaona watu wetu wenye digrii wakifuta sakafu za ofisi za Etterbeek, nimewaona dada zetu wakiwaogesha wazee ambao watoto wao wenyewe hawawatembelei. Bienfait naye anafanya kazi hiyo, katika nyumba ya wazee, na anaifanya kwa upendo ambao sijui aliutoa wapi, maana kwangu hakuuona. Lakini pale uwanjani hakuwa akimhudumia mtu. Walikuwa wakimwangalia. Nikajiambia, hapa mmoja wetu amesimama mahali palipoinuka.

Mkono ulianza kumsumbua miaka minne iliyopita. Kwanza kiwiko, akapumzika miezi miwili. Mwaka uliofuata bega. Mwaka wa tatu kiwiko tena, kisha bega tena, na vidole viwili vikawa vinakufa ganzi asubuhi. Msimu wa mwaka jana, kati ya mechi kumi na nane alicheza tano. Usajili wake ulikuwa umefika mwisho, hivyo alikuwa huru kwenda popote au kutokwenda kokote, na kamati ilibidi iamue kama inamsajili tena awe mrushaji wao wa kwanza, au inamtafuta mwingine.

Waliitisha kikao Jumamosi moja mchana, mwaka jana mwezi kama huu, katika chumba cha vinywaji pale uwanjani. Nilikuwa na kiti katika kamati hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandika jarida lao dogo. Mwenyekiti ni mzee mmoja Mbelgiji, Ghislain, mstaafu wa posta, mtu mpole anayebeba karatasi zake katika mfuko wa mkate. Akazitoa. Akasoma mechi alizocheza Bienfait na alizokosa, mwaka kwa mwaka, akasema kwamba anampenda kijana huyu kuliko wote lakini timu haiwezi kumjenga mtu ambaye kila Mei hajulikani kama atakuwepo Juni. Alipendekeza Bienfait abaki kama mwalimu wa watoto. Nikamkatiza. Nikamwambia anahesabu mechi kama mtoto wa shule anavyohesabu siku za likizo. Wengine wakacheka, nami nikajua tayari chumba kimeanza kuwa changu.

Kisha akazungumza Rolande. Huyu ni mwenzetu, mtoto wa Goma, ndiye anayewakanda wachezaji na kuwafunga bandeji. Kazi yake ya kila siku ni hiyo hiyo, hospitalini. Alisema hataki kuongea kuhusu mechi. Alisema yeye ameushika mkono ule kwa miaka saba na sasa akiushika anasikia kitu ambacho hakikuwepo, mfupa unamjibu vibaya. Kama ingekuwa juu yake, mkono ule usingerusha hata jiwe la kumfukuza paka.

Yaya, naona aibu kuandika nilichomjibu. Nilimuuliza tangu lini wakanda mabega wamekuwa madaktari. Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kuwasaidia Wazungu kufunga mlango kwa upande wa ndani. Alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka mezani taratibu, akaniambia kwa Kiswahili, ili wengine wasielewe, "Papa Anaclet, miye nasemea mukono. Weye unasemea nini?"

Niliinuka. Na niliposimama nilifanya kile ninachokijua zaidi ya vyote. Nikazungumza dakika ishirini. Nikawaambia wanataka kumkamua mtu kama limau na kutupa ganda. Nikawauliza kama mrushaji wao angekuwa mtoto wa daktari wa mtaa wa pili wangemngoja apone au wasingemngoja. Hatimaye nikaleta mikono. Unajua ninayoisema. Mikono ya watu wetu iliyokatwa enzi za mfalme wao, kwa sababu ya vikapu vya utomvu wa miti ya mpira visivyojaa. Nikawaambia kwamba nchi hii ina historia na mikono yetu, na kwamba leo, katika chumba hiki chenye harufu ya bia, wanaamua tena ni mkono upi una faida na upi hauna.

Ghislain alikuwa mwekundu hadi masikioni, akawa anazikunja karatasi zake mara mbili, mara nne, hadi zikawa ndogo kama kiberiti. Rolande peke yake ndiye aliyenijibu, kwa Kifaransa sasa, kwamba wale wafu walikuwa watu wa Équateur, upande wa pili wa Kongo, na hawakuniruhusu kuwaleta kwenye kikao cha besiboli. Nilitabasamu. Nilikuwa nimeshashinda.

Ghislain, kwa haki, alimgeukia Bienfait. Kijana alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, mikono kati ya magoti, kama ulivyomlea akae mbele ya wakubwa. Ghislain akamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Bienfait hakumwangalia Ghislain. Aliniangalia mimi, kisha akaliangalia koti langu lililokuwa juu ya kiti, kisha mimi tena. Alingoja. Nilijiambia kwamba naye anangoja nimalizie kwa maneno mazuri, nikasema kwamba mtoto wetu ni mnyenyekevu, hawezi kujisifu. Ndipo akasema, polepole sana, akiniita mjomba kwa Kifaransa, "Ni kama tonton alivyosema."

Wakapiga kura. Sita kwa wawili. Bienfait akatia sahihi palepale, kwa mkono wa kulia.

Majira ya baridi yalipita. Alifanya mazoezi. Nilimwona nyumbani akiweka barafu begani huku akisoma vitabu vyake, maana alikuwa amekubaliwa kuanza masomo ya uuguzi mwezi wa tisa. Hilo alikuambia, nawe ukanipigia simu ukilia kwa furaha, unakumbuka, ukasema kwamba sasa shemeji amelala vizuri.

Mechi ya tatu ya msimu ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tano, saa tisa mchana, jua la kipekee. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na watu wangu wawili kutoka Ixelles, niliowaleta waje waone. Katika raundi ya nne alirusha mpira, na kabla mpira haujafika tulisikia sauti. Nilidhani ni gongo limevunjika. Mwenye gongo naye alilitazama gongo lake. Kisha Bienfait akapiga magoti, na mkono ukawa unaning'inia kutoka katikati ya bega na kiwiko, mahali ambapo mkono hauna kiungo. Rolande alivuka ule uwanja mbio, na viatu vyake vikabaki nyuma yake majanini.

Mfupa ulivunjika kwa nguvu za mkono wenyewe. Daktari alinieleza kwamba kwa warushaji hutokea, si mara nyingi, na kwamba kwa kawaida mkono huwa umeonya. Wakaweka chuma. Mfupa umeunga. Lakini mshipa wa fahamu unaopita pale nyuma ulijeruhiwa, na kiganja hakiinuki. Kinaning'inia kama nguo kwenye kamba. Walituambia mshipa hukua taratibu, kama unywele, tungoje. Tumengoja miezi sita. Kidole gumba kinatikisika kidogo. Nyumba ya wazee imempa kazi ya mapokezi, anapokea simu, kwa sababu hawezi kumwinua mtu kitandani. Shule ya uuguzi imemwambia arudi mwakani, kama mkono utakuwa umerudi. Anajifunza kuandika kwa kushoto, kwenye meza ya jikoni, herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na nikiingia anaifunika karatasi.

Hayo ni yale ambayo watu wote wa hapa wanayajua. Sasa nakuandikia lile ambalo hadi Jumamosi iliyopita tulilijua wawili tu, mimi na yeye.

Ijumaa, siku moja kabla ya kile kikao, Bienfait alinikuta jikoni nikikata mboga za lengalenga. Akaniletea karatasi iliyokunjwa. Akaniambia, "Tonton, kesho weye ndiye utanisemea. Miye sitaweza, wale bote ni bakubwa." Akanionyesha kwamba ameandika vizuri, kwa Kifaransa, nisome tu kama ilivyo. Unajua desturi yetu. Kwetu mtoto hainuki katika baraza wakati mjomba wake yupo. Mjomba ndiye anayebeba neno la mtoto wa dada yake na kuliweka katikati ya watu. Ulipomkabidhi kwangu uwanja wa ndege wa Entebbe uliniambia maneno hayohayo, kwamba sasa baba yake hayupo, mimi ndiye nitakayemsemea.

Niliisoma karatasi ile asubuhi ndani ya basi. Alikuwa anaishukuru timu. Alikuwa anasema mkono wake umechoka, kwamba usiku vidole havisikii shuka, kwamba anaogopa kuupoteza kabla ya kuwa muuguzi. Alikuwa anaomba asisajiliwe tena. Na alikuwa anaomba, kama wanakubali, awafundishe watoto kurusha. Ona, Yaya, Ghislain na karatasi zake zilizokunjwa alikuwa anampa mwanao kile kile alichokiomba.

Nilifanya nini? Niliikunja, nikaitia katika mfuko wa ndani wa koti, ninakotia karatasi zangu zote kama ajuavyo Bienfait. Nilijiambia kwamba huu ni woga, kwamba nchi hii imemfundisha kuomba nafasi ndogo, kwamba siku moja atanishukuru. Nilikuwa na hotuba yangu tayari. Nilikuwa nimeiandika tangu Jumatano. Karatasi yake ingeiua.

Kwa hiyo alipoliangalia lile koti alikuwa anaingoja karatasi yake itoke. Alingoja hadi mwisho. Na alipoulizwa kwa kinywa chake, alikuwa na njia mbili: kumwaibisha mjomba wake mbele ya Wazungu, au kutoa mkono. Ulimlea vizuri mno, Yaya. Alitoa mkono.

Hajawahi kuniuliza karatasi iko wapi. Hata hospitalini. Nilipoingia alisogea kitandani ili nipate pa kukaa, akaniuliza kama nimekula. Ndipo akaniambia atakuambia habari ya ngazi za metro, tusikusumbue. Nami, mtu wa maneno, nilikubali kwa kichwa.

Jumamosi iliyopita kamati ilikutana tena. Nilikwenda kuwapa barua ya kujiuzulu, na niliwaeleza haya ninayokuandikia hapa, ya koti na ya karatasi. Sikuongeza kitu. Ghislain alivua miwani, hakuivaa tena hadi naondoka. Rolande alinifuata nje kwenye maegesho. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa kutojibu. Aliniuliza tu kama mama yake Bienfait anajua. Nikasema bado. Akasema, "Bon. Andika leo, Papa. Na usimupambie."

Nimejaribu kutokupambia.

Siombi unisamehe, maana hata msamaha ningeuomba vizuri, na ungenipa kabla hujaona uchungu wako mwenyewe. Ninachokuomba ni kimoja. Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi. Mpigie Bienfait, umuulize mkono wake unasemaje, kisha unyamaze. Usimsaidie maneno. Anachelewa kuanza, utadhani simu imekatika. Ngoja tu. Nimeishi naye miaka kumi na mitatu, na sijawahi kungoja.

Nisalimie jirani yako Darlène na watoto wake, na padri wa parokia, ambaye labda bado ana kinyongo cha maparachichi. Wageni wa sebuleni uwaambie tunawaombea. Ndiyo, hata mimi. Goti lako ulipake mafuta ya moto kabla ya kulala, usimsikilize mtu anayekuambia ni uzee. Mungu akulinde, wewe na mji wetu.

Nimetia ndani ya bahasha hii ile karatasi yake, ile ya koti. Mahali pake ni kwako. Mwombe Darlène akusomee Kifaransa, lakini kwanza iangalie tu, jinsi herufi zilivyokaa sawa juu ya mstari, ndogo na safi. Ni mwandiko wake wa mkono wa kulia. Sina mwingine wa baada ya huo.

Ni mimi mdogo wako, niliyepewa mtoto,

Anaclet